Kisanduku cha Jina la Mwenyewe

Kazini walimwita Bwana Sentimita, na jina hilo hakulichukia hata kidogo. Alikuwa mpima ardhi kwa mwaka wa kumi na tisa sasa, mtu wa kurudia safari nzima ya porini kwa sababu ya jiwe la mpaka lililosogea upana wa kiganja. Wenzake walisema hata chai huipima kwa utepe kabla ya kuinywa. Walimtania pia kwa manukato, maana alijipulizia asubuhi, akajipulizia tena baada ya chakula cha mchana, na chupa ya akiba aliiweka kwenye droo pamoja na penseli zake. "Leo unaoa tena?" walikuwa wakimuuliza. Yeye hucheka, hufunga droo, huinamia ramani.

Sababu ya manukato hakuna aliyeijua, hata mke wake. Acha niiseme mapema, maana yeye mwenyewe hataisema. Bwana Sentimita alizaliwa msituni, kule juu penye kinamasi, kwa watu wanaofuga nyuki ndani ya magogo na kuwafukiza kwa moshi wakati wa kurina asali. Moshi ule haukuwatoka. Ulikaa kwenye nguo, kwenye nywele, hata kwenye madaftari ya watoto. Mjini waliitwa watu wa moshi, na halikuwa jina la heshima. Mtu akiunguza sufuria, jirani humuuliza kama amepata wageni kutoka kinamasini.

Mizaha hiyo aliisikia tangu siku ya kwanza ya shule ya bweni, akiwa na miaka kumi na mmoja, na badala ya kuijibu alijifunza kuicheka kabla ya wengine. Alipomaliza chuo akabadili jina. Alipooa akasema kwao ni mbali na wazee wake walishafariki. Wazazi walikuwa wamefariki kweli. Lakini shangazi yake, dada wa baba yake, aliyemlea tangu akiwa anatambaa na kumsomesha kwa asali, alikuwa hai na mzima, na alijua kabisa yuko wapi. Ni huyo shangazi aliyemjia ofisini Jumanne ile asubuhi.

Dada wa mapokezi alimpigia simu ya ndani. "Bwana Sentimita, shuka kidogo. Kuna akina mama watatu hapa, wanatoka kinamasini. Usijali, nimeshafungua dirisha."

Akacheka yule dada. Bwana Sentimita naye akacheka, kwa mazoea tu, na alikuwa bado anacheka alipofika chini na kumwona shangazi yake.

Alikuwa amesimama mbele ya meza ya mapokezi na wanawake wawili nyuma yake, ameshika bahasha ya kaki kwa mikono miwili. Alikuwa amepungua. Si kukonda tu, hata urefu ulikuwa umepungua, au pengine ni dari ya ofisi iliyokuwa juu mno. Bwana Sentimita alingoja aitwe mwanangu, mbele ya dada wa mapokezi, mbele ya madereva wawili waliokuwa wakisoma gazeti kwenye benchi.

"Habari za kazi, bwana mpima," shangazi akasema.

Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka. Miaka saba nyuma alikuwa hajui zaidi ya maneno ya sokoni. Macho yake hayakukaa usoni pa Bwana Sentimita zaidi ya mgeni anavyostahili kutazamwa. Alikuwa anamsitiri. Bwana Sentimita alilielewa hilo papo hapo, na haya zikampanda kutoka shingoni mpaka masikioni, maana mtu anayestahili kusitiriwa na shangazi yake mwenyewe ana kitu cha kusitiriwa.

"Salama, mama," akajibu. Ndiyo, mama, kama unavyomwita yeyote uliyemkuta kwenye foleni. Shikamoo ilimfika kwenye ncha ya ulimi akaimeza.

"Tumekuja kuomba nakala ya ile fomu ya kinamasi," shangazi akaendelea. "Baraza la ardhi linakaa Alhamisi. Kampuni ya miti imetupa mpaka mwisho wa mwezi tuwe tumetoka, wote, hata wagonjwa waliolala kitandani. Sasa tumeambiwa bila karatasi sisi ni kelele tu. Tukauliza, karatasi iko wapi? Wakasema aliiandika bwana mpima."

"Kampuni ya miti si inapanda miti tu?" dada wa mapokezi akadakia. "Nilisikia inasafisha hewa."

"Inasafisha, mwanangu. Wanasema kuna watu huko mbali wamechafua hewa yao, basi wanalipia miti ipandwe kwetu iwasafishie. Mimi nikawauliza, sasa ile ya kwetu iliyokuwa safi imewakosea nini?"

Madereva wakacheka. Hata dada wa mapokezi akacheka, na safari hii hakuwa anamcheka mtu.

Bwana Sentimita akaenda kwenye kabati la mafaili, akaitoa fomu, akaisukuma kwenye mashine ya nakala bila kuisoma. Hakuwa na haja ya kuisoma. Aliporudi na kuinama kumkabidhi, akavuta pumzi, akaona kuna kitu kinakosekana. Alirudia kuvuta. Shangazi alinuka sabuni, na jasho la safari, basi. Hakunuka moshi.

"Nyuki wanaendeleaje?" likamtoka kabla hajajizuia.

Shangazi akamtazama, na kwa mara ya kwanza macho yake yakakaa. "Nyuki gani, bwana mpima? Miti ile ya kampuni inakunywa maji kama ng'ombe. Chemchemi ilikauka mwaka wa pili. Mvua nayo siku hizi inakuja kama mgeni asiyealikwa, ama mapema ama imechelewa, maua yanachanua na kupukutika kabla ya wakati. Nyuki walihama mwaka wa tatu. Siku hizi tunanunua sukari dukani, kama watu."

Wakaaga, wakatoka. Dada wa mapokezi akanyanyuka kulifunga dirisha. "Mbona hawanuki?" akauliza kwa sauti ya chini. "Kumbe watu wanatia chumvi tu."

Bwana Sentimita akasema ana kazi juu, akapanda ngazi. Alipoketi alifungua droo kuchukua penseli, akakutana na chupa ya manukato, akaifunga droo tena haraka.

Sasa tuseme habari ya fomu yenyewe. Miaka saba nyuma alitumwa kupima kinamasi pamoja na msitu unaokizunguka. Angeweza kukataa, kazi ikapewa mwingine. Lakini kukataa kungetaka sababu, na sababu ndiyo ileile aliyoificha. Basi akaenda, na mkuu wake wa zamani, na mtu wa kampuni aliyevaa kofia pana, na mwenye duka mmoja wa njiani aliyejua lugha zote mbili, ambaye walimlipa siku moja awe mkalimani. Tazameni vizuri hapo. Mtu alikwenda kwao na mkalimani.

Watu wa kinamasini walikuwa wamekusanyika kwenye uwanja wa kukaushia nta. Shangazi alikaa mbele. Alipomwona anashuka kwenye gari alinyanyuka nusu, mikono imeshaanza kufunguka, na Bwana Sentimita akamfikia haraka akampa mkono, mkono mmoja ulionyooka, kama afisa anavyompa mwanakijiji. "Habari za hapa," akasema kwa Kiswahili. Mikono ya shangazi ikabaki hewani kidogo, kisha mmoja ukashuka, mwingine ukaupokea ule mkono.

Mkuu wake aliona. "Unamfahamu huyu mama? Anakutazama sana."

"Hapana," Bwana Sentimita akasema. "Simfahamu."

Fomu ilikuwa na visanduku kumi na viwili. Cha nne kilisema: Jina la mwenyewe. Kilikuwa na urefu wa sentimita sita, na msifikiri nasema kwa kukisia. Alikipima baadaye mara nyingi. Akauliza swali kama lilivyoandikwa, mwenye duka akalitafsiri, na shangazi akajibu kwa niaba ya wote. Alijibu taratibu, akimwangalia Bwana Sentimita na si mkalimani, kwa lugha ambayo Bwana Sentimita aliitumia kuomba maji kwa mara ya kwanza maishani mwake. Mizinga ina wenyewe mmoja mmoja, alisema, kila gogo lina alama yake. Lakini hapa penyewe, penye maji, hakuna wa kusema pangu.

"Anasema eneo hili halina mwenyewe," mwenye duka akatafsiri. "Lina wenyewe."

Bwana Sentimita akaandika: halina mwenyewe. Kalamu ikasimama.

Hakuna aliyemwambia asimame. Mkuu wake alikuwa anafukuza nzi, mtu wa kampuni alikuwa anapiga picha. Na nafasi ilikuwepo. Hata kama kisanduku kilijaa, nyuma ya fomu kulikuwa na ukurasa mzima mweupe. Alisimama kwa sababu alijua swali linalofuata. Ukiandika lina wenyewe, lazima uulize wenyewe ni akina nani. Na shangazi angewataja. Ndivyo wanavyofanya kule: huanza na waliozikwa ukingoni mwa maji, kisha walio hai, mmoja baada ya mwingine. Angeanza na baba yake Bwana Sentimita. Akifika kwa walio hai, angenyoosha kidole.

Basi akahamia kisanduku cha tano, akaandika ukubwa wa eneo mpaka sehemu ya kumi ya mita. Kila namba kwenye ile fomu ilikuwa sahihi. Ofisini alisifiwa, na eneo lisilo na mwenyewe likapewa kampuni ya miti.

Jumatano mkuu wa sasa, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alimwita. Wito ulikuwa mezani: baraza linamtaka shahidi, yeye aliyejaza fomu. "Nenda kasome kilichoandikwa, urudi," mkuu akasema. "Usiongeze, usipunguze. Kampuni ina wakili, nasi hatuna muda wa kujibu barua."

"Sawa, mkuu."

"Uko sawa lakini? Uso umekushuka."

"Niko sawa."

Jioni mke wake alimnyooshea shati jeupe. Alikuwa mwanamke mchangamfu, mwenye kuongea na pasi kama anaongea na mtu. Bwana Sentimita alikaa ukingoni mwa kitanda akimtazama.

"Hawa watu wa kinamasini," akaanza.

"Ehe, watu wa moshi. Wamefanyaje?"

Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anavyotaja siku ya juma. Ndivyo alivyolisikia jina hilo nyumbani kwake kwa miaka kumi na minne, na mara kadhaa yeye ndiye aliyelitamka kwanza ili asionekane analikwepa. Akaona hana pa kuanzia. Angemwambia nini? Kwamba watoto wao wawili ni watoto wa moshi?

"Wana kesi," akasema. "Naenda kusoma fomu tu."

"Basi usome vizuri, Bwana Sentimita wangu," mke wake akasema, akamning'inizia shati mlangoni.

Asubuhi ya Alhamisi, mbele ya kioo cha bafuni, alipiga moyo konde. Alijaribu kulitamka neno moja: shangazi. Huyu mama ni shangazi yangu. Mara ya kwanza sauti ilikwama. Mara ya tatu ilitoka nzuri kabisa. Akaondoka bila kujipulizia manukato, na njiani alijihisi kama ametoka bila viatu.

Baraza lilikaa katika ukumbi wa mikutano wa ghorofa ya pili, viti vya plastiki, feni mbili na moja haizunguki. Mwenyekiti alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Karani aliketi pembeni na kompyuta yake. Upande mmoja watu wa kinamasini, kama ishirini hivi, shangazi akiwa mstari wa mbele. Upande wa pili wakili wa kampuni, kijana mpole, suti ya kijivu, anayesema tafadhali kila anapotaka kukukata.

Bwana Sentimita akaapa, akakabidhiwa fomu.

"Soma kisanduku cha nne," mwenyekiti akasema.

"Jina la mwenyewe," akasoma. "Halina mwenyewe."

"Mwandiko ni wako?"

"Ni wangu."

"Ndivyo alivyojibu mama huyu?"

Neno moja tu lilihitajika. Angesema ndiyo, na kabla ya chai ya saa nne angekuwa amerudi kwenye meza yake. Mkuu wake asingekuwa na barua ya kujibu, mke wake asingekuwa na la kuuliza. Akamtazama shangazi. Shangazi alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe aliyoipakata mapajani, na vidole havikuwa na ule weusi wa masizi aliokuwa akiuona tangu utotoni.

"Ndivyo alivyojibu," Bwana Sentimita akasema. "Lakini hakuishia hapo. Alisema eneo hili halina mwenyewe, lina wenyewe. Mimi niliandika nusu."

Karani akaacha kuchapa, akainua kichwa.

"Kwa nini nusu?" mwenyekiti akauliza.

"Kisanduku kilikuwa kidogo."

Mwenyekiti akanyoosha mkono, akaichukua fomu, akaigeuza. Akauonyesha ule upande mweupe kwa watu wote, taratibu, kama mwalimu anayeonyesha daftari la mtoro. "Na huku nyuma?"

"Huku nyuma palikuwa na nafasi," Bwana Sentimita akasema. Mara nyingi watu husema walitamani ardhi ipasuke iwameze. Yeye hakuthubutu hata kutamani, maana ni ardhi hiyohiyo waliyokuwa wakiijadili. "Palikuwa na nafasi ya kutosha. Sikuandika."

Wakili akasimama. "Tafadhali, mheshimiwa. Bwana mpima, mkalimani wa siku ile yuko wapi?"

"Alifariki."

"Poleni. Na mkuu wako wa wakati huo?"

"Amestaafu, amepoteza kumbukumbu. Hatambui hata wanawe."

"Kwa hiyo tunabaki na kumbukumbu yako peke yake. Miaka saba umenyamaza, leo umekumbuka neno moja, na kwa bahati nzuri ndilo neno wanalolihitaji hawa." Wakili alitabasamu kwa upole. "Bwana mpima, tafadhali, nisamehe kuuliza. Una undugu nao?"

Mwenyekiti akavua miwani. "Swali ni la haki, shahidi. Kanuni zetu ziko wazi. Ndugu wa mlalamikaji hawezi kutoa ushahidi wa kumbukumbu tupu, usio na karatasi. Ukiwa ndugu yao, haya uliyosema nayafuta, na fomu inabaki ilivyo. Jibu tu kwa ukweli."

Hapo Bwana Sentimita akaona mtego aliojitegea mwenyewe kwa miaka yote. Alikuwa amelitayarisha lile neno mbele ya kioo, lilikuwa tayari, halikukwama tena. Kama angelitamka siku ile kwenye uwanja wa nta, lingeiokoa chemchemi. Akilitamka leo, linawatoa watu wake kinamasini. Lakini alikuwa ameapa, na alikuwa amechoka kusema uongo, na pengine, tuseme bila kumpendelea, alitaka tu mzigo umtoke yeye, hata kama utawaangukia wengine.

"Mheshimiwa," akasema. "Huyu mama ni..."

"Simfahamu," shangazi akasema.

Alikuwa ameshasimama. Hakuinua sauti. Mwenyekiti alimwashiria aketi, kisha akabadili mawazo, akamwacha.

"Mheshimiwa, mimi kaka yangu aliniachia mtoto mmoja tu, wa kiume," shangazi akasema. "Alikwenda shule huku mjini. Huyo akija kwetu atainama aniambie shikamoo, na kabla hajakaa ataniuliza kaburi la baba yake limepaliliwa lini. Huyu alikuja na gari. Akanipa mkono. Akauliza maswali ya kwenye fomu kupitia kwa mwenye duka. Huyu simfahamu."

Mtu mmoja upande wa kampuni akacheka, akanyamaza.

"Una hakika, mama?" mwenyekiti akauliza.

"Mwulizeni yeye. Siku ileile, mbele ya watu, aliulizwa na mkubwa wake kama ananifahamu. Alijibu. Na huyu ni mtu wa vipimo, mheshimiwa. Hakosei hata sentimita."

Mwenyekiti akamgeukia Bwana Sentimita. "Ni kweli uliulizwa?"

"Ni kweli."

"Ukajibu nini?"

Alitazama upande wa watu wa kinamasini. Aliwaona sasa mmoja mmoja, sura ambazo angeweza kuzitaja kwa majina ya utotoni: aliyemfundisha kukwea miti, aliyemtoa miiba ya nyuki shingoni, aliyemwibia kombeo. Wote walikuwa wanamtazama kwa utulivu, kama mgeni wa maana. Hakuna aliyemnong'oneza mwenzake. Akatambua kwamba walikuwa wamelizungumza hili kabla ya kuja, na walikuwa wamekubaliana.

"Nilijibu kwamba simfahamu," akasema.

"Basi, wakili ametosheka?" mwenyekiti akamwuliza wakili. Wakili akafungua mikono, akaketi. "Karani, andika hivyo."

Uamuzi haukuchelewa. Mwenyekiti alisema fomu iliyojazwa nusu haiwezi kumtoa mtu mahali alipozaliwa. Agizo la kuwahamisha watu wa kinamasini likasimamishwa, kipimo kile cha miaka saba nyuma kikafutwa, na eneo likaamriwa lipimwe upya na mpima mwingine, wenyewe wakiwepo na majina yao yakiandikwa, yote, hata kama ni ya kujaza daftari. Kampuni isipande mti mwingine mpaka hapo. Wanawake wakakumbatiana kimyakimya, kama watu wasioamini wanaruhusiwa.

Bwana Sentimita akaambiwa asubiri nje, maelezo yake yachapwe aje aweke sahihi. Akamkuta shangazi kwenye ujia, ameegemea ukuta karibu na ngazi, anafunga upya kitambaa chake cha kichwa. Hapakuwa na mtu mwingine ila wale wanawake wawili wa Jumanne, ambao walipomwona walisogea pembeni wakajifanya wanasoma matangazo ukutani.

Akainama. Aliinama kweli, mpaka kichwa kikawa chini ya bega la shangazi. "Shikamoo, shangazi."

Alingoja. Kila mtu anajua jibu la salamu hiyo ni moja tu, na hata adui hupewa. Shangazi alimaliza kufunga kitambaa. Jibu halikuja, na Bwana Sentimita akanyanyuka polepole peke yake.

"Kwa nini umesema vile?" akauliza.

Shangazi alijibu kwa lugha yao. Ilikuwa mara ya kwanza amzungumzishe kwa lugha hiyo tangu siku ya fomu, na hapakuwa na hasira ndani yake, ndiyo maana iliuma. "Leo tulihitaji mtu asiye wetu," akasema. "Nikatazama ukumbini, nikaona tunaye."

"Nitarudi ndani," Bwana Sentimita akasema. Lugha ilimtoka kwa shida, maneno mengine yalikuwa yameota kutu. "Nitasema ukweli wote. Nitasema mimi ni wa kwenu."

"Utasema ili iweje? Ukiyasema, kinamasi kinakwenda." Alimwangalia kwa muda, kama mtu anayetafuta sura ya mtoto ndani ya uso wa mtu mzima, na akaacha kutafuta. "Ulikuwa na siku yako ya kusema. Leo ni yetu. Nenda kaandike jina lako, lile la mjini."

Akawaita wenzake, wakashuka ngazi wakishikana mikono kwa sababu ya magoti. Hakugeuka. Bwana Sentimita akasikia mmoja wao, yule mnene, akisema jambo kuhusu mizinga, kwamba labda wakikaa bila kuitengeneza upya hata nyuki hawatawarudia, na shangazi akacheka kicheko kilekile cha zamani.

Karani akatoa kichwa mlangoni, akamwita. Maelezo yalikuwa ukurasa mmoja, bado ya moto kutoka kwenye mashine. Bwana Sentimita akayasoma kama anavyosoma kila kitu, neno kwa neno. Jibu la shangazi lilikuwepo, zima: eneo hili halina mwenyewe, lina wenyewe. Alilitazama kwa muda mrefu. Kisha akashuka mpaka mstari wa mwisho, juu ya nafasi ya sahihi, ambapo karani alikuwa amefuata maneno ya mwenyekiti: Shahidi hana undugu wowote na wenyewe.

"Kuna kosa?" karani akauliza. "Kama kuna kosa useme sasa, nirekebishe."

Kalamu ya karani ilikuwa ya wino mweusi, imefungwa kwa uzi mezani ili isiibiwe.

"Hakuna," Bwana Sentimita akasema. "Kila kitu ni sahihi." Akaandika jina lake lote, lile alilojichagulia, kwa mwandiko mzuri usiotoka nje ya mstari.